Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Kuridhika na Kukua Ukiwa Mwanapodikasti Unayejitegemea

Maswali haya nimeyakusanya kwa miaka kadhaa kutoka kwa watu wanaorekodi peke yao, wanahariri peke yao na kutoa vipindi vyao bila kituo wala bosi nyuma yao. Baadhi niliwahi kuyauliza mwenyewe. Ya kiufundi nimeyapitia haraka. Yale yanayomkatisha mtu tamaa nimekaa nayo zaidi, kwa sababu hayo ndiyo yanayowaondoa watu wazuri kwenye kazi hii.

Nimetoa vipindi kumi na wasikilizaji hawazidi arobaini. Nimeshindwa?

Hapana. Watu arobaini ni darasa zima. Wangekuwa wamekaa mbele yako kwenye viti, kimya nusu saa nzima wakikusikiliza wewe, ungetoka mle mwili unakusisimka. Kwenye skrini wanageuka tarakimu mbili, na ndiyo maana unawadharau.

Kwanza elewa namba hiyo inahesabu nini. Huduma nyingi zinazohifadhi podikasti hufuata kanuni za IAB, chama cha sekta ya matangazo ya mtandaoni. Kwa kanuni hizo, upakuaji huhesabiwa pale kifaa kinapopokea sehemu ya faili inayotosha dakika 1 ya sauti, na kifaa kilekile kikiomba kipindi kilekile tena ndani ya saa 24, hakihesabiwi mara ya pili. Hapo hakuna mahali panaposema kwamba mtu alisikiliza. Simu inaweza kupakua kipindi chako usiku mwenyewe amelala, na kisiguswe mpaka kifutwe. Mwaka 2023 Apple ilipotoa iOS 17, toleo jipya la mfumo wa simu zake, programu yake ya podikasti ilipunguza kuwapakulia vipindi vipya watu waliokuwa wameacha kuvisikiliza. Namba za podikasti nyingi zikashuka ingawa masikio yalikuwa yaleyale. Waliokuwa wakijipima kwa grafu ile waliumia bure.

Mimi naangalia mtu anabaki mpaka wapi. Apple Podcasts na Spotify zote humwonyesha mwenye podikasti mchoro wa dakika ambazo wasikilizaji wanatoka. Kama 40 wameanza na 30 wamefika mwisho, una kitu mkononi. Kama wengi wanatoka dakika ya tatu, kaa chini usikilize dakika ya tatu. Mara nyingi utajisikia bado unajitambulisha.

Nitajuaje kama kazi hii inaniridhisha kweli, au nimeizoea tu?

Jiulize jambo moja ukimaliza kuhariri, kabla mtu mwingine yeyote hajasikia: nafurahi kwamba kipindi hiki kipo? Jibu likiwa ndiyo, umeshalipwa sehemu ya kwanza. Ukiona unaahirisha furaha yako mpaka uone namba za Jumatatu, basi hiyo ni furaha ya kuazima.

Kwangu kuridhika kunatoka sehemu tatu, na ukubwa wa podikasti haumo. Ya kwanza ni kujifunza: kila mgeni ninayemwandalia maswali ananilazimisha kusoma nisichokijua. Ya pili ni ufundi wenyewe, ile raha ya mkono ya kukata sentensi ndefu katikati ya pumzi mbili na mshono usisikike. Ya tatu ni mtu anayejibu.

Hii ya tatu ndiyo ninayotaka kuisema kwa kirefu. Mwaka wangu wa pili nilipokea ujumbe wa sauti wa dakika moja na nusu kutoka kwa mama anayemuuguza mume wake. Nyuma ya maneno yake nilisikia maji yakimiminwa kwenye beseni. Alisema anafungulia kipindi changu wakati anamwogesha mgonjwa, kwa kuwa ndio muda pekee ambao mikono yake ina kazi na akili yake iko huru. Mimi nilikuwa nikidhani nazungumza na vijana walio safarini. Tangu siku ile niliondoa muziki wa kishindo wa mwanzoni, na kila nikiandika utangulizi namwandikia yeye. Podikasti yangu ilibadilika kuliko ilivyobadilishwa na kifaa chochote nilichowahi kununua, na wapya waliokuja baadaye walikuja kwa sababu ya utulivu huo.

Kwa hiyo mtafute huyo mtu wako. Mwishoni mwa kipindi usiombe watu wakufuate, wakupigie kura na washiriki kiungo, yote kwa pumzi moja. Uliza swali moja ambalo kweli unataka jibu lake. Akijibu mmoja, mjibu siku hiyohiyo.

Watu wanasema "kujitegemea" kana kwamba ni kukosa mdhamini. Maana yake hasa ni nini?

Maana yake ni nani anayeshika mlisho wako wa RSS, yaani faili la mtandaoni linaloziambia programu za kusikilizia una vipindi gani.

Podikasti haikuanzia kwenye programu ya kampuni moja. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Dave Winer, mtengenezaji wa programu za kompyuta, akichochewa na wazo la mtangazaji Adam Curry, aliongeza kwenye RSS uwezo wa kuambatisha faili la sauti. Neno "podcasting" lilitajwa na mwandishi Ben Hammersley kwenye gazeti la The Guardian Februari 2004. Juni 2005 Apple ikaziingiza podikasti kwenye iTunes, programu yake ya muziki, ikatangaza kwamba watu walijiandikisha zaidi ya mara milioni 1 ndani ya siku mbili. Lakini hata iTunes ilikuwa orodha tu. Sauti zilibaki kwa wenyewe.

Mpaka leo ndivyo inavyofanya kazi. Mlisho ni faili la maandishi lenye anwani yake, limeorodhesha vipindi vyako na mahali sauti ilipo. Programu za kusikilizia huja kulisoma, zikaona kuna kipya, zikampelekea msikilizaji. Google ilipoifunga Google Podcasts mwaka 2024, walioathirika walikuwa wasikilizaji waliohitaji kuhamia programu nyingine; podikasti zenyewe hazikupotea, kwa kuwa milisho ilikuwa kwingine.

Niliwahi kukubali kampuni moja inisajilie mlisho kwa barua pepe yao. Tulikuwa tunaelewana, sikuona ubaya. Tulipoachana niliondoka na jina na rekodi, lakini anwani ya mlisho ilibaki kwao, na wasikilizaji wangu wote walikuwa wamejiandikisha kwenye anwani ile. Nilianza upya kabisa. Leo namshika kila anayeanza: sajili kwa barua pepe yako mwenyewe, nunua jina la tovuti liwe lako, na kabla ya kuchagua huduma ya kuhifadhi uliza kama ukihama watakuwekea uelekezaji wa kudumu, ule wa namba 301, unaozipeleka programu kwenye mlisho mpya bila msikilizaji kufanya lolote. Wakisitasita kujibu, nenda kwingine. Na kila faili la sauti ya mwisho liwe na nakala kwako.

Nitoe kipindi mara ngapi?

Kadiri unavyoweza wiki uliyougua.

Usipange ratiba kwa nguvu za wiki ya kwanza. Chukua kipindi kimoja, andika saa zote: kumtafuta mgeni, kusoma, kurekodi, kuhariri, kuandika maelezo, kutengeneza picha. Kipindi changu cha nusu saa kinanichukua karibu saa nane. Nikitoa kila wiki, hiyo ni siku nzima ya kazi kila wiki, na nina kazi nyingine na familia. Natoa mara mbili kwa mwezi, kwa misimu ya vipindi nane, halafu napumzika na kutangaza siku nitakayorudi. Sijaona msikilizaji aliyekasirikia mapumziko yaliyotangazwa. Wanaoumia ni wale wanaosubiri kimya bila neno.

Ninunue vifaa gani?

Chumba kwanza. Maikrofoni ya bei kubwa kwenye chumba chenye kuta tupu itarekodi mwangwi wako kwa uaminifu mkubwa. Tafuta chumba kidogo chenye godoro, mapazia mazito, nguo zinazoning'inia. Piga makofi mara moja. Ukisikia mlio unarudi, ongeza vitambaa. Zima feni na friji iliyo karibu.

Maikrofoni ya aina ya dainamiki inasamehe kelele za chumba kuliko ya kondensa. Kaa umbali wa ngumi moja kutoka kwayo, uielekeze pembeni kidogo ya mdomo ili P na B zisipasuke. Vaa vipokea sauti vya masikioni, na mgeni wako avae pia. Audacity ni programu ya bure ya kuhariri na imekuwepo tangu mwaka 2000; inatosha kwa miaka mingi. Ukimaliza, lenga ukubwa wa sauti wa LUFS -16 (LUFS ni kipimo cha jinsi sauti inavyosikika kubwa), ambao Apple inaupendekeza, ili msikilizaji asihitaji kuongeza na kupunguza sauti akitoka podikasti moja kwenda nyingine. Faili la MP3 la kilobiti 128 kwa sekunde lina takriban megabaiti 1 kwa kila dakika. Kwa mazungumzo matupu, mono, yaani sauti ya njia moja, ya kilobiti 64 inasikika vizuri na inapunguza nusu ya mzigo huo, na msikilizaji anayenunua data kidogokidogo atakushukuru.

Nihariri kwa kiasi gani?

Mpaka mgeni asikike kama yeye mwenyewe siku aliyoamka vizuri, basi.

Niliwahi kumhoji fundi saa, mzee, kuhusu saa aliyoshindwa kuitengeneza. Nilipomuuliza ni ya nani, akanyamaza. Kwenye skrini ukimya ule ulikuwa mstari mnyoofu wa sekunde saba, na ndani yake ukiongeza sauti unasikia kijibisibisi kikigusa meza, kisha kikagusa tena. Halafu akasema: "Ya baba." Mara ya kwanza niliukata ukimya wote, kipindi kikaenda mbio, jibu likasikika kama mtu anayejaza fomu. Usiku nikaurudisha. Niliacha sekunde tano, na ile bisibisi mara mbili. Watu kadhaa waliniandikia kuhusu kipindi kile na karibu wote walizitaja sekunde hizo, hakuna aliyetaja maswali yangu.

Kata marudio, kata njia ndefu za kufikia hoja, kata maelezo yako mwenyewe kwanza kabla ya ya mgeni. Lakini kabla hujakata ukimya, usikilize. Na usikate kamwe kwa namna inayomfanya mtu aonekane amesema ambacho hakusema, hata kama sentensi inakuwa tamu zaidi.

Ni kweli naweza kutumia sekunde kumi za wimbo wa mtu bila ruhusa?

Hakuna idadi ya sekunde inayokupa ruhusa yenyewe. Huo ni uvumi unaorithishwa. Omba ruhusa kwa maandishi, mlipe mwanamuziki akutungie, au tumia kazi zenye leseni za Creative Commons, ambazo mwenye kazi huwaruhusu wengine kuitumia kwa masharti, zilizoanza kutolewa mwaka 2002. Soma herufi zake: BY ni kumtaja mwenye kazi, NC ni kutotumia kibiashara, ND ni kutoibadilisha kazi. Ukiwa na mdhamini, NC imekufungia mlango.

Nitawapataje wasikilizaji wapya bila bajeti ya matangazo?

Anza na jina la kipindi. "Kipindi cha 14: Mazungumzo na mgeni wetu" halimwambii kitu mtu asiyekujua wewe wala huyo mgeni. "Saa ambayo fundi alishindwa kuitengeneza" linamwita. Namba iweke kwenye sehemu ya namba, mlisho una nafasi yake.

Kisha dakika ya kwanza. Anayekusikiliza kwa mara ya kwanza hajui utani wenu wa ndani, na hajakuahidi subira. Mpe ndani ya sekunde thelathini sababu ya kubaki, halafu ndipo umwambie wewe ni nani.

Baada ya hapo, njia iliyonifaa kuliko zote ni kukaribishwa kwenye podikasti za wengine wenye ukubwa unaolingana na wangu. Msikilizaji wa podikasti ameshazoea kusikiliza, ameshaweka programu, ameshapenda sauti ya mwenyeji wako. Huna haja ya kumfundisha chochote. Usiwaandikie watu ishirini barua moja. Mwandikie mmoja, utaje kipindi chake ulichokisikiliza na ulichokipenda ndani yake, kisha umwambie una nini cha kuwapa wasikilizaji wake. Nami nikimkaribisha mtu, nampa kipande cha dakika moja kilichokatwa vizuri akiweke kwake. Hapo hatushindani. Anayempenda mwenzangu ana nafasi masikioni ya kunipenda na mimi.

Weka pia nakala ya maandishi ya kila kipindi. Wasiosikia wanaisoma, na mitambo ya utafutaji inapata maneno ya kushika. Inachosha kuiandaa, nakiri, lakini ifanye.

Ukuaji wa namna hii ni wa polepole. Kuna miezi hutaona chochote kikisogea.

Lini nitaanza kupata pesa?

Matangazo mengi hulipwa kwa kila upakuaji 1000. Fanya hesabu mwenyewe: ukiwa na 300 kwa kipindi, hata bei nzuri inagawanywa mpaka inabaki kidogo mno. Kwa hiyo mdogo asikimbilie huko. Michango ya moja kwa moja ya wasikilizaji inaweza kufanya kazi mapema zaidi, kwa sababu watu kumi wanaokujali wana uzito. Patreon, iliyoanzishwa mwaka 2013, ni mojawapo ya njia hizo. Njia ya tatu, ambayo watu huisahau, ni kazi zinazokuja kwa sababu umesikika: kuhariri kwa ajili ya wengine, kufundisha, kuongoza mijadala. Podikasti yangu hainilishi yenyewe. Kazi iliyonifikia kupitia kwayo ndiyo inayonilisha.

Ukipokea pesa kutangaza kitu, sema wazi kwamba umelipwa. Na usikitangaze usichoweza kumpendekezea ndugu yako.

Mtu ameandika maoni ya kuumiza. Nijibu?

Kama ana hoja, mshukuru na urekebishe. Kama ni matusi, funga na uende ukatembee. Usiyasome usiku.

Nimerekodi saa nzima na mgeni, na faili limeharibika.

Pole sana, najua tumbo linavyokata. Mwambie mgeni ukweli leo, usimzungushe. Wengi hukubali kurudia, na mara nyingi mazungumzo ya pili huwa mafupi na bora. Kuanzia sasa kila upande urekodi sauti yake mwenyewe kwa WAV, faili la sauti lisilobanwa, na simu iwekwe mezani ikirekodi kama akiba. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Nimechoka. Niendelee au niache?

Kwanza tenganisha uchovu wa kazi na uchovu wa moyo. Anayechoshwa na kuhariri lakini bado anasisimka akipata mgeni mzuri, huyo apunguze: vipindi vifupi, misimu mifupi, au amtafute mwenzake wa kugawana naye. Anayesikia uzito hata anapowasha maikrofoni, anayeuliza swali huku hasubiri jibu, huyo anahitaji kusimama kabisa kwa muda. Miezi miwili bila kurekodi itakuambia mengi. Ukianza kujikuta unaandika maswali kwenye karatasi bila kulazimishwa, rudi.

Na ukigundua kwamba imekwisha, imalize vizuri. Podikasti yenye vipindi thelathini na kipindi cha kuaga ni kazi iliyokamilika. Mtu anaweza kuigundua miaka mitano baadaye akaisikiliza yote. Nimeona watu wakijitesa kwa miaka kwa sababu waliahidi "kila wiki" kwenye kipindi cha kwanza. Hakuna aliyewadai ahadi hiyo. Waage wasikilizaji wako kwa sauti yako, uwashukuru waliokuandikia, uendelee kulipia hifadhi ya faili kama unaweza ili zisitoweke.

Kipindi changu cha kwanza kinanitia aibu. Nikifute?

Kama kina taarifa isiyo sahihi au kinamwumiza mtu, kifute leo, na useme kwa nini. Kama shida ni sauti kutetemeka na mwangwi wa chumba, kiache. Msikilizaji mpya kwa kawaida huanza na kipya, au na kile chenye jina lililomvuta. Anayerudi nyuma mpaka cha kwanza ni yule aliyekwisha kukupenda, na anataka kusikia ulivyokuwa.